Neno Baridi: Nchi za Theluji katika Nathari ya Safari ya Kiswahili

1. Chanzo cha makala haya

Makala haya yalizaliwa na zoezi la darasani. Katika mwezi wa Julai, wakati ambapo ukungu huteremka toka Limuru na Kikuyu ukaifunika barabara ya Waiyaki mpaka saa nne za asubuhi, niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri karatasi ya matangazo niliyoichukua katika duka moja la mawakala wa safari katikati ya jiji la Nairobi. Karatasi hiyo ilimwalika msomaji kwenda kuutazama mji wa Stockholm wakati wa baridi, kisha kupanda gari la moshi kuelekea kaskazini mpaka Kiruna, katika nchi za Aktiki, huko akaonyeshwe theluji, mbwa wavutao magari yasiyo na magurudumu, na miali ya rangi ichezayo mbinguni usiku. Kazi ilikuwa kuifasiri kwa Kiswahili sanifu. Kurasa mbili tu. Nilidhani itatosha saa moja. Ilituchukua majuma matatu, na mwishowe nilitambua kwamba kosa kubwa kuliko yote katika tafsiri zile nilikuwa nimelipitisha mimi mwenyewe kwa kalamu yangu, tena kwa alama nzuri.

Nakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba Kiswahili si maskini wa kueleza nchi za theluji kama tunavyozoea kudai, na kwamba nathari yetu ya safari imekwisha kulijaribu jambo hilo zamani. Pili, kwamba baadhi ya maneno yetu ya kila siku, hasa ya majira na ya saa, yamepimwa kwa ikweta, na mfasiri asiyelikumbuka hilo humpoteza msomaji wake. Tatu, kwamba tunapoifasiri lugha ya utalii bila kuihakiki, twaweza kuwatendea watu wa mbali yale yale tuliyotendewa sisi. Hili la tatu ndilo lililonisukuma kuandika.

2. Jibu la mwongozi

Msomaji atakumbuka kisa cha Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekaa Rabai karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa njiani kwenda Uchagani, aliona kitu cheupe juu ya mlima uliokuwa mbele yake. Alimwuliza mwongozi wake kile ni kitu gani. Mwongozi hakuwa na jina la kitu chenyewe. Alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji. Habari yake ilipochapwa Uingereza mwaka 1849 ilipingwa na mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye alishikilia kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta namna hiyo. Cooley hakuwahi kutia mguu wake Afrika ya Mashariki.

Jibu la mwongozi hutajwa mara nyingi kama mfano wa kutojua. Naiona hukumu hiyo kuwa si ya haki. Mtu yule hakukitaja kitu kwa sura yake, maana sura ingemdanganya. Kutoka mbali, cheupe kilichoko juu ya mlima chaweza kuwa wingu, au mawe, au fedha. Alikitaja kwa athari yake katika mwili wa mtu akikaribiaye. Hiyo ni njia halali kabisa ya kupa vitu majina, na washairi wetu huitumia kila siku. Isitoshe, katika safari yake ya pili mwaka huo huo Rebmann alisikia kwa wenyeji wenyewe neno lao, kibo, ambalo leo limebaki kuwa jina la kilele. Basi mwaka 1848 mlima mmoja ulikuwa na maarifa ya namna tatu: kibo ya mwenyeji aliyezaliwa chini yake, baridi ya mpita njia aliyeufikia, na theluji ya msomi. Aliyekosea ni yule aliyekuwa na neno la kitabuni, asiwe na lolote jingine.

Hapa yafaa kutazama maneno yetu mawili ambayo wanafunzi wangu waliyachanganya mara kwa mara. Theluji limetoka katika Kiarabu. Barafu limetoka katika Kiajemi, na huko kwao maana yake ni hiyo hiyo theluji. Lakini lilipovuka bahari na kukaa kwetu, likajitwalia maana ya maji yaliyoganda, hata mtoto wa Mombasa akaenda dukani kununua barafu ya ukwaju. Maneno yote mawili ni wageni waliopewa uraia, na kila mmoja amepata kazi yake: theluji huanguka toka mbinguni, barafu ni maji yaliyoshikana pale pale yalipo. Liko na la tatu, sakitu, analolijua mkulima wa chai wa Limuru anapoyaona majani yake yameungua asubuhi bila ya moto. Mwanafunzi aliyeandika kwamba bandari ya Stockholm "imejaa theluji" alitaka kusema kwamba maji yake yameganda. Msomaji wake angelidhani meli zapita katika pamba. Hapo kamusi imetimiza wajibu wake. Mtumiaji ndiye aliyezembea. Na ni ajabu kwamba tulizembea katika mji ambao jina lake lenyewe, kwa lugha ya Wamaasai, ni maji baridi.

3. Salim bin Abakari na njia ya kaskazini

Tukiuliza ni nani aliyetangulia kuziandika nchi za kaskazini ya mbali kwa nathari ya Kiswahili, jina lijalo mbele ni la Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alifuatana na bwana wake, Dr. Theodor Bumiller, aliyekuwa zamani afisa wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki, mpaka Petersburg, Moscow, Siberia na nchi za Asia ya kati. Andiko lake lilitolewa na Carl Velten mwaka 1901 huko Göttingen katika kitabu Safari za Wasuaheli, na Lyndon Harries alilirudisha mikononi mwetu mwaka 1965 katika mkusanyo wake wa nathari ya Kiswahili. Petersburg upo karibu na nyuzi 60 za kaskazini, sawa na Stockholm, Oslo na Helsinki. Na Ufini wakati ule ilikuwa chini ya Tsari huyo huyo. Kwa hiyo, ijapokuwa Salim hakufika Aktiki yenyewe, aliukaribia ulimwengu wa karatasi yetu ya matangazo kuliko msafiri yeyote wa Kiswahili wa karne yake aliyetuachia maandishi.

Kwa fani, Salim ni ndugu wa wasafiri wengine wa Velten. Nathari yao husukumwa na kiambishi -ka-: tukaondoka, tukafika, tukaona, tukalala. Wahakiki wengine wameuita mtindo huu ukavu. Sikubaliani nao. Kiambishi hicho ndicho mguu wa msafiri. Humwonyesha msomaji kwamba kila kinachosemwa kimefikiwa kwa mwendo, na kwamba msemaji alikuwapo. Hata hivyo una upungufu wake, na upungufu huo huonekana zaidi katika nchi za baridi. Baridi haipitiwi, hukaliwa. Kuieleza kunahitaji hu- ya mazoea na -ki- ya hali inayoendelea: jinsi pumzi inavyoonekana, jinsi mlango unavyofunguliwa na kufungwa, jinsi watu wanavyopanga kazi zao za mwaka. Mtu apitaye njiani na bwana wake, ambaye kuondoka na kukaa kwake si kwa hiari yake, hawezi kulaumiwa ikiwa -ka- imemtawala. Hapa fani ya andiko imebeba hali ya mwandishi: mtumishi husafiri kwa mfululizo wa amri.

Katika maudhui, liko jambo moja linaloliinua andiko la Salim juu ya karatasi zote za mawakala wa safari. Yeye atazama, na papo hapo atazamwa. Amewaendea watu wasiopata kumwona mtu mweusi. Wako walioshangaa, na wako waliomkimbia. Hakulificha hilo. Anapokutana na Waislamu wenzake huko mbali, msomaji huona kwamba mipaka ya ugeni imehama: aliye mgeni kwa rangi si mgeni kwa ibada. Mtalii wa karatasi yetu, kwa upande mwingine, hana mwili, hakuna amtazamaye. Nchi yote imetandazwa mbele yake kama nguo sokoni.

Hapana budi tukumbuke pia kwa nini andiko hili lipo. Velten alifundisha katika chuo cha lugha za Mashariki cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1887, na maandiko aliyoyakusanya yalitumika kuwafundisha Kiswahili Wajerumani, wakiwamo waliokuja kututawala. Mwalimu mwingine wa chuo hicho, Amur bin Nasur wa Unguja, aliyekaa Berlin toka mwaka 1891 hadi 1895, naye aliacha habari za maisha yake zilizotolewa na Büttner mwaka 1894. Na Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1886. Lakini aliziandika kwa Kijerumani. Basi urithi wetu wa maandiko ya kaskazini ni wa namna hii: mmoja aliandika kwa ajili ya darasa la wakoloni, mwingine kadhalika, na wa tatu katika lugha ya ugenini. Hakuna hata mmoja aliyetazamia kusomwa kwanza na mtu wa Lamu, au wa Kangemi.

4. Maneno yaliyopimwa kwa ikweta

Narudi darasani. Karatasi ilisema safari ni ya mwezi wa Januari. Wanafunzi wengi waliandika "wakati wa kipupwe". Neno ni zuri na ni letu, lakini kipupwe chetu ni cha Juni mpaka Agosti. Msomaji aliyeitii tafsiri hiyo angefika Kiruna katika mwezi ambao jua halitui hata usiku wa manane, akatafuta theluji mitaani asiione. Hili si kosa la msamiati tu. Majira yetu ni ya pepo na mvua, yaani kaskazi, masika, kusi na vuli. Majira yao ni ya jua kukaribia na kuepuka. Huwezi kuchukua jina la jira moja ukalivika jingine kwa sababu tu zote mbili zina baridi.

Neno kaskazini lenyewe lina mtego mkubwa zaidi. Asili yake ni upepo wa kaskazi, uvumao toka upande huo Desemba mpaka Machi, nao ndio upepo wa majira ya joto. Kwa mtu wa pwani, kaskazini ndiko joto litokako, na kusi ndiyo iletayo baridi. Mwanafunzi mmoja mwenye asili ya Lamu alieleza kwamba bibi yake, akiambiwa kuwa mtu amekwenda kaskazini akafa kwa baridi, angeuliza amekosea njia wapi. Tulicheka, lakini bibi yule ana haki. Lugha yake imeandikwa juu ya ramani ya pepo, na ramani hiyo ni ya kweli mahali pake.

Ndipo tukafika kwenye saa. Saa za Kiswahili huhesabiwa toka jua linapochomoza. Nairobi, iliyo karibu na nyuzi moja tu kusini ya ikweta, urefu wa mchana hutofautiana kwa dakika chache tu mwaka mzima. Kwa hiyo saa moja asubuhi ni asubuhi kweli, na saa kumi na mbili jioni ni jioni kweli. Stockholm, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza karibu na saa tatu kasorobo na kutua kabla ya saa tisa. Mwanafunzi akifasiri "saa kumi alasiri, chini ya nyota" atakuwa amesema kweli, na msomaji hatamsadiki. Huko Tromsø, katika Norwei, toka mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halionekani kabisa. Saa ya Kiswahili itaanzia wapi kuhesabu? Tulijadiliana mpaka tukakubaliana kwamba mfasiri aendelee na saa zetu, lakini mahali pa kwanza pa matini aseme wazi: huku saa hazilifuati jua, hufuata ukuta. Sentensi hiyo moja ilituokoa na upotofu mwingi.

Tatizo hili wasafiri wa zamani walilijua. Ibn Fadlan, aliyetumwa toka Baghdad mwaka 921 kwenda kwa Wabulghari wa mto Volga, alistaajabia usiku mfupi wa kule, mfupi hata ukasumbua taratibu za sala. Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia baadaye habari za Nchi ya Giza iliyo mbele ya Bulghar, na za magari yavutwayo na mbwa juu ya barafu, na wafanyabiashara wanunuao ngozi pasipo kuwaona wauzao. Yeye mwenyewe alisema hakuingia nchi hiyo. Na wako wataalamu wanaotilia shaka kwamba alifika hata Bulghar. Lakini aliungama alipokomea. Mwandishi aliyepata kuyaona mawe ya Kilwa na kuzisikia habari za mbwa wa kaskazini ni ushahidi kwamba dunia hizi mbili zilikwisha kuwekwa katika kitabu kimoja kabla ya mawakala wa safari kuzaliwa.

Lilibaki suala la ile miali. Karatasi iliita kwa jina la Kilatini lenye maana ya mapambazuko, na wengine wakafasiri "alfajiri ya kaskazini". Wenzao Waislamu walikataa: alfajiri ni wakati wenye hukumu zake, mtu hufunga na kusali kwa huo, hauwezi kuchezwa saa nne za usiku. Walikuwa na hoja ya lugha vilevile, kwa kuwa mwanga huo hauhusiani na kucha; husababishwa na chembe zitokazo katika jua, zikavutwa na usumaku wa dunia kuelekea kwenye ncha na kugonga hewa ya juu. Tukachagua miali ya ncha. Sidai kwamba ni istilahi bora; nadai kwamba haidanganyi.

5. Nyika isiyo na mtu

Sasa nafikia kosa langu. Karatasi ilikuwa na sentensi iliyosema kwamba baada ya Kiruna msafiri huingia katika weupe mtupu usioguswa. Mwanafunzi mmoja hodari aliifasiri "nyika nyeupe isiyo na mtu". Mlio wake ulinifurahisha. Niliisoma mbele ya darasa kama mfano wa tafsiri yenye uhai, nikaipa alama ya juu.

Mwanafunzi mwingine, mtoto wa wafugaji wa Narok ambaye husema mara chache, aliinua ile karatasi. Palikuwa na picha ya wanyama wenye pembe za matawi, ambao wote tulikuwa tumewaita kulungu. Aliuliza: "Mwalimu, kama nyika haina mtu, ni nani aliyewakata hawa alama za masikioni?"

Sikuwa na jibu. Wanyama wale si kulungu wa msituni, ni mifugo. Wenyewe ni Wasami, watu wa asili wa kaskazini ya Norwei, Uswidi, Ufini na sehemu ya Urusi, ambao huhama na makundi yao kwa majira na kuwatia wanyama wao alama za masikio, kila mwenye mali alama yake, kama wafanyavyo wafugaji wetu. Kwa kuwaita kulungu, mnyama ambaye katika Kiswahili ni windo, tulikuwa tumewanyang'anya Wasami mifugo yao kwa neno moja. Na kwa neno la pili, nyika isiyo na mtu, tukawanyang'anya nchi. Karatasi ya matangazo haikutulazimisha. Ilisema weupe, nyika tuliiongeza sisi.

Nasi twalijua vizuri neno hili. Watu wa pwani waliwaita majirani zao Wanyika, yaani watu wa porini, na wamisionari wakalichukua jina hilo vitabuni. Wenyewe wakalikataa, wakajiita Mijikenda. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wasami, ambao zamani waliitwa Walapi na majirani zao, jina wanaloliona la dharau. Ndivyo ilivyo kwa Waogieki, walioitwa Wandorobo, kwa neno la Kimaasai limaanishalo mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Kila mara jina la dharau na madai kwamba nchi ni tupu hutembea pamoja. La kwanza humtoa mtu katika heshima, la pili humtoa katika ardhi.

Wala si mambo ya kale. Kiruna ni mji wa machimbo ya chuma, na machimbo hayo yamekula ardhi ya chini hata ikabidi mji wenyewe uhamishwe. Mwezi wa Agosti 2025 kanisa lake la mbao, lililojengwa mwaka 1912, lilibebwa zima juu ya magurudumu mpaka mahali papya. Wafugaji wa Kisami wamelalamika miaka mingi kwamba machimbo yanakata njia za mifugo yao. Huko Norwei, mwaka 1979, Wasami walifunga kula mbele ya Bunge la Oslo kupinga bwawa la mto Alta. Januari 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya Uswidi iliamua kwamba jumuiya ya Kisami ya Girjas ndiyo yenye haki ya kusimamia uwindaji na uvuvi katika eneo lake. Miaka mitatu kabla, Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliwapa ushindi Waogieki dhidi ya serikali ya Kenya juu ya msitu wa Mau. Mtu akiziweka hukumu hizi mbili pamoja ataona kwamba mwanafunzi wa Narok alikuwa akisoma picha ile kama mtu asomaye barua kutoka nyumbani.

6. Kutoka Ngong

Yupo atakayesema kwamba tafsiri ya karatasi ya matangazo ni jambo dogo mno kubebeshwa mzigo huu. Namwomba aelekee magharibi ya jiji mpaka Karen, chini ya vilima vya Ngong. Hapo ilikuwa nyumba ya Karen Blixen, Mdenmarki aliyekuja mwaka 1914 kulima kahawa na kuondoka mwaka 1931 baada ya shamba kufilisika. Kitabu chake juu ya shamba hilo kilitoka mwaka 1937, na kwa wasomaji wengi wa nchi za Nordiki mpaka leo ndicho mlango wa kuingilia Kenya. Nyumba ilitolewa na serikali ya Denmark kuwa zawadi kwa Kenya huru, ikawa makumbusho mwaka 1986, watalii huijaza.

Ngũgĩ wa Thiong'o amekwisha kueleza kwa ukali namna Blixen alivyowachora watu waliomzunguka, wala sina haja ya kurudia hoja zake. Ninalotaka kulisema ni dogo zaidi. Mwandishi wa kaskazini aliyaona mawingu ya Ngong kwa ustadi ambao hata adui yake hana budi kuukubali, na wakati huo huo Wakikuyu waliokuwa na uhusiano wa zamani na ardhi ile walikuwa wameandikwa katika sheria kuwa maskwota. Uzuri wa maelezo haukuwazuia kuwa hivyo. Pengine ulisaidia jambo hilo lisahaulike. Ndiyo sababu nyika nyeupe isiyo na mtu, kwa kadiri ilivyokuwa na mlio mzuri, ilikuwa hatari zaidi.

Kuna njia nyingine. Tété-Michel Kpomassie wa Togo alisoma kijanani kitabu juu ya Greenland, akafunga safari ya miaka kadhaa mpaka akafika huko mwaka 1965. Akakaa na wenyeji, akala vyao, akajifunza lugha yao. Kitabu chake kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1981. Yeye naye, kama Salim, aliandika alivyotazamwa. Lakini alikuwa huru kukaa, na kukaa kwake kumempa kile ambacho -ka- ya Salim isingeweza kukipata. Kitabu cha namna hiyo kwa Kiswahili bado nakitamani. Wapo watu wetu wengi waliokaa Uswidi, Norwei na Ufini, wakisoma, wakifanya kazi, wakilea watoto katika giza la Desemba. Philip Boit, mwanariadha wa Kenya aliyefunzwa Ufini kuteleza juu ya theluji na akashindana Nagano mwaka 1998, aliijua theluji kwa magoti kabla ya kuijua kwa kamusi. Maarifa yapo. Yamebaki katika barua na mazungumzo.

7. Hitimisho

Idara zetu za Kiswahili, tangu mjadala wa mwaka 1968 katika Chuo Kikuu cha Nairobi juu ya kufuta Idara ya Kiingereza, zimejitahidi kuiweka Afrika katikati ya masomo yake. Kazi hiyo ni ya haki. Lakini aliye katikati hutazama pande zote, na namna atazamavyo ndiyo kipimo cha kama amejifunza jambo kutokana na kutazamwa kwake.

Napendekeza basi, kwa wafasiri na walimu wa tafsiri, mambo machache. Theluji, barafu na sakitu zitumike kila moja mahali pake. Kipupwe kibaki kwetu, na jira lao liitwe majira ya baridi na kutajwa miezi yake. Saa zielezwe mwanzoni. Wasami waitwe Wasami, na wanyama wao, mpaka tupate jina lililokubaliwa, waitwe kulungu wa kufugwa, ili mchungaji asipotee. Na neno nyika, popote linapotaka kuandikwa juu ya nchi ya watu wengine, liandikwe baada ya kuuliza nani hupita hapo na mifugo yake.

Kitenzi kutalii, kabla ya kuingia katika biashara ya mahoteli, kilikuwa na maana ya kuchungua na kusoma kwa makini. Kwa maana hiyo mtalii wa kwanza katika darasa letu alikuwa yule aliyeyaona masikio.

Zile alama nilizozitoa nimezirekebisha, yangu mwenyewe nikaiweka chini kabisa. Sentensi iliyobaki katika tafsiri yetu ya mwisho husomeka hivi: "Baada ya Kiruna gari la moshi hupita katika malisho ya Wasami, ambayo wakati huu yamefunikwa na theluji." Haina mlio wa ile ya kwanza. Mwongozi wa Rebmann, nadhani, angeielewa.